Mtihani wa Wauza Nyambizi

Ukitaka kujua mahali pa kuuziwa kitu kibovu hapa Rumonge, mwulize Mwalimu alikonunua chake. Atakupeleka mwenyewe, tena kwa miguu, na njia nzima atakueleza namna ya kumtambua muuzaji mwaminifu. Nimemjua tangu aliponifundisha fizikia sekondari, na mpaka leo sijaona mtu mwenye elimu kubwa ya kununua na bahati mbaya kubwa ya kununua kama yeye. Mabati yake yanavuja. Saa yake ya mkononi inakwenda ikipenda. Mbuzi aliyemnunua kwa ajili ya Noeli alikufa kabla ya Noeli, na Mwalimu akatangaza mtaani kwamba mbuzi alikuwa mzima kabisa, ila hewa ya ziwani ndiyo haikumfaa.

Mimi nina kibanda cha simu karibu na parkingi ya mabasi yaendayo Nyanza-Lac. Nauza chaja, makava na vioo, nawachajia watu simu zao, na kwa Mwalimu nafanya kazi ya ukatibu bila mshahara. Simu yake ni ya vibonye na anaitetea kwa hoja. Lakini kila akitaka kuona picha ya kitu, au kumwandikia mtu wa mbali, huja kuketi kwenye benchi langu, akavuta suruali magotini isijikunje, kisha akaanza kunisomea imla. Nikifupisha neno ananirudisha nyuma. Wateja wangu wameshazoea kumsubiri, na baadhi yao nadhani huja kwa ajili yake tu.

Aliishi Tanzania miaka mingi, akarudi na Kiswahili anachokiona kisafi kuliko chetu. Sisi tukisema kitu iko namna hii, yeye anatusahihisha, hata kama aliyesema ni mgonjwa anayeeleza maumivu yake. Mke wake, ambaye waliishi naye hukohuko miaka ileile, akarudi akazungumza kama sisi ndani ya wiki moja, aliwahi kuniambia, "Mutoto wangu, ule mwanaume anasahihisha hata paka."

Imani yake ni moja, naye huisema akiwa ameinua kidole: anayeelewa kitu hawezi kudanganya. Kwa hiyo haangalii bidhaa, anamhoji muuzaji. Sokoni anamsimamia mama wa mawese na kumwuliza kwa nini mafuta huelea juu ya maji. Akijibiwa vizuri, ananunua. Akichekwa, anaondoka. Soko zima limeshalijua swali hilo, na limeshalijua jibu. Yuko mama mmoja ambaye mafuta yake hakuna anayejua ameyachanganya na nini, naye hulikariri kabla hata hajasalimiwa: "Mwalimu, kwa ujazo uleule, mafuta iko nyepesi kuliko maji." Mwalimu anatabasamu na kununua dumu zima. Mama wa pembeni, ambaye mawese yake nayapikia mwenyewe, alipoulizwa alisema, "Miye nauza mafuta, maji unaenda kuuliza Regideso, watu wa bomba." Huyo hajapata senti ya Mwalimu mpaka leo.

Hata samaki hakuwaamini wa Rumonge. Alipanda basi mpaka Magara, kwa sababu alisema mtu wa kati hana fizikia. Pale ufukweni aliwauliza wavuvi kwa nini taa huwavuta samaki usiku, na mmoja wao akampa maelezo marefu, yenye mawimbi na miale na macho ya ndagala, hao dagaa wetu, maelezo mazuri kiasi kwamba Mwalimu alinunua beseni zima la samaki wa mukeke. Mke wake aliwanusa Mwalimu akiwa bado barabarani. Alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba kuchimba shimo.

Nisimwonee. Mwalimu mwenyewe hajamdhulumu mtu. Akirudishiwa chenji iliyozidi, anarudi nayo hata kama mvua inanyesha, na akifika anamweleza muuzaji alikokosea kujumlisha. Watoto wa jirani anawafundisha bure. Ila akiuziwa kitu kibovu hakirudishi kamwe, kwa sababu muuzaji alishajibu swali na alama ilishatolewa. Anatoa alama juu ya ishirini kwa kila kitu: kwa mahubiri, kwa chai ya mke wake, kwa mwendo wa dereva. Mimi darasani nilizoea kupata mbili na tatu, kwa kuwa nilikuwa na tabia ya kusema sijui pale nilipokuwa sijui, na kwake neno hilo lilikuwa tusi. Wenzangu waliojaza ukurasa mzima kwa upepo walipata kumi na tano.

Sasa, nyambizi. Kila mwaka alituchorea nyambizi ubaoni. Ilikuwa na tumbo lenye matangi mawili, mishale ya maji yanayoingia na mishale ya maji yanayotoka. Aliichora vizuri kuliko ramani ya Burundi. Mwaka aliostaafu alikuja kibandani, akakaa, na safari hii hakuleta imla. Akaniambia kwamba yote aliyoyafundisha ameyaona kwa macho yake, umeme, sumaku, upinde wa mvua kwenye glasi, isipokuwa hilo moja. Hajawahi kuona kitu kikizama kwa kupenda na kurudi juu kwa kupenda. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi zinauzwa nyambizi ndogo za kuunganisha mwenyewe, kifurushi chenye vipande vyote, urefu wa mkono, na zinazama kweli. Alitaka kuiona moja ikifanya hivyo katika ziwa hili, kabla hajafa. Hapo sikumcheka. Nilimtazama yule mzee, miaka yote ile akichora kitu asichokijua, na roho iliniuma.

Iliniuma mpaka alipoanza kuchagua muuzaji.

Mtu mwingine angeuliza nyambizi imetengenezwa kwa nini, viungo vyake vinazuia maji namna gani, rimoti yake inasikika chini ya maji au inaishia juu, na kikivunjika kipande, kingine kinapatikana wapi. Ndivyo nilivyomshauri, maana nauza vitu vya umeme na najua watu wanavyolia. Mwalimu akanijibu kwamba hayo ni maswali ya fundi. Kisha akanisomea mtihani. Swali la kwanza: eleza kwa nini nyambizi huzama. Swali la pili: eleza kwa nini hurudi. Swali la tatu: toa mfano mmoja kutoka katika maisha ya kila siku. Jibu kwa sentensi kamili. Nikautuma mtihani huo kwa kila muuzaji tuliyempata kwenye simu, kuanzia Bujumbura mpaka Dar es Salaam, watu wa biashara walioamka asubuhi wakitafuta riziki.

Mmoja alitufungia. Mwingine akatutumia bei ya viatu. Waliojibu kama watu ni wawili tu.

Wa kwanza alikuwa kijana wa Bujumbura. Alijibu maswali yote kwa sentensi kamili, na kwenye swali la tatu akaandika habari za kibuyu cha mawese kinachotiwa mawe moja moja mpaka kikazama. Nilishtuka. Mfano ule hauko kwenye kitabu chochote, aliubuni Mwalimu mwenyewe, sote tulikaririshwa.

"Mwalimu, huu mfano ni wako," nikamwambia. "Huyu ni mwanafunzi wako wa zamani, anakujua unapenda nini."

"Ndiyo maana ni sahihi," akajibu, na kumpa kumi na tisa.

Wa pili alikuwa mama mmoja wa Kigoma, anayeletewa mizigo ya Dar na kuuza vitu vya michezo karibu na bandari. Alituma sauti. "Shikamoo mwalimu. Hayo ya kwa nini inazama mimi sijui, baba yangu, labda nimwulize aliyeniletea. Ninachojua sanduku lilipondeka pembeni lilipokuwa njiani, nimelifungua nikahesabu, vipande vyote vipo, betri ndiyo hamna. Karatasi ya maelezo ni ya Kichina lakini ina picha. Huko kwenu mnataka kuichezea kwenye beseni au ziwani? Maana kama ni ziwani mimi nina wasiwasi." Na chini yake picha: vipande vyote vimepangwa juu ya khanga, na kidole chake kikionyesha pale palipopondeka.

Mwalimu alisikiliza sauti ile mpaka mwisho, uso ukiwa umekunjamana. "Hajajibu hata swali moja," akasema. "Tena anamwuliza mtahini." Akampa nne juu ya ishirini, nne hizo zikiwa za heshima ya salamu.

Mzigo wa Bujumbura ulikuja kwa basi, umefungwa vizuri sana. Mwalimu aliufungulia kibandani kwangu mbele ya watu. Ndani mlikuwa na nyambizi ya plastiki, ya manjano, yenye madirisha ya kuchora. Ilikuwa nyepesi ajabu. Mteja mmoja aliishika, akaizungusha kichwa, ikafunguka. Ilikuwa chupa ya sabuni ya kuogeshea watoto. Bado ilinukia matunda.

Nilimpigia yule kijana na simu ikawa haipatikani, na haijapatikana tena.

Mwalimu je? Wiki nzima aliitetea. Alisema ni modeli ya msingi. Aliitia maji nusu, akaizamisha kwenye ndoo nyumbani, ikalala kiubavu. Akaimwaga, akaitia robo, ikasimama wima. Mke wake alipoulizwa na majirani mumewe anafanya nini uani, alisema, "Anaosha chupa."

Halafu siku moja akaja kibandani, akakaa, akatazama mbele. "Yule mama wa Kigoma," akasema, "tumpe repeshaji."

Yaani mtihani wa kurudia, kwa waliofeli. Ametapeliwa mchana kweupe na mwanafunzi wake bora, na sasa anamwonea huruma mtu aliyemwambia ukweli! Nilikataa kuandika. Akanisihi. Nikaandika, na nikaongeza pole yangu chini. Mama yule alijibu kwa sauti palepale, huku akicheka: "Baba yangu, mitihani mimi niliimaliza zamani, na nilifeli. Sanduku bado lipo. Nitakutumia kwa boti, nahodha namfahamu. Hesabu vipande kwanza, ukiridhika ndiyo unilipe. Usiporidhika, mpe nahodha anirudishie." Mwalimu akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha yule mama kusema vile. Hakumpa alama. Alisema tu, "Mwambie alete."

Sanduku lilifika bandarini limepondeka pembeni, palepale alipopaonyesha kwa kidole. Vipande vilitimia, Mwalimu akalipa, na betri nikampa mimi. Mwalimu alijenga nyambizi yake juu ya meza ya kulia chakula, na mke wake akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Alijenga kwa ustadi, siwezi kumnyima hilo. Alipaka gundi kwa kijiti cha kibiriti, alipuliza vumbi, alifuata picha za Kichina bila kuomba msaada. Alipomaliza kulibaki mezani pete moja ndogo ya mpira.

"Na hii mupira?" mke wake akauliza.

"Wa akiba," Mwalimu akasema. "Mtengenezaji makini huongeza."

"Ile sufuria yangu ya presha, mupira ikibaki inje, inapika?"

"Sufuria si nyambizi, mama."

Mama wa Kigoma, nilipomjulisha kwamba imekamilika, alituma ujumbe mmoja wa mwisho: siku ya kwanza waifunge uzi wa nailoni, wa kuvulia, ili ikikataa kurudi waivute. Uzi huo Rumonge umejaa kila duka. Nilinunua mimi, nikamletea. Mwalimu akaukunja vizuri, akanirudishia. "Nyambizi yenye kamba," akasema, "ni ndoo."

Siku yenyewe alialika kila mwanafunzi wake wa zamani na kila aliyewahi kumcheka, yaani mji mzima. Tulikutana kusini ya mji, njia ya Kigwena, mahali ambapo ufukwe unaishia ghafla na maji yanakuwa meusi hatua chache tu kutoka mchangani. Wanawake waliacha ndagala zao juani wakaja kutazama. Mwalimu alivaa koti. Rimoti alinipa mimi, kwa sababu yeye alikuwa na hotuba.

Aliishusha majini kwa mikono miwili, taratibu sana. Ikaelea, nusu nje, nyeusi, nzuri. Kisha akatugeukia sisi, ziwa likawa nyuma yake, akaanza. Alianza na yule Mgiriki wa kale aliyegundua siri ya kuelea akiwa anaoga kwenye beseni. Akapita kwenye kibuyu cha mawese. Watu waliguna. Mwishowe akainua mkono na kusema, "Mwanafunzi, zamisha!" Nikabonyeza. Na badala ya kugeuka, akaendelea kutueleza kinachotokea.

Kilikuwa kinatokea. Pua iliinama, maji yakapanda mgongoni, na nyambizi ikaingia ndani yote bila kelele. Tuliiona kupitia maji, inashuka, imenyooka. Mtu mmoja akasema "Eeeh!" na wengine wakaitikia. Mwalimu akadhani ni sifa za hotuba. "Silansi!" akatunyamazisha. "Maji sasa yamejaza matangi." Nikabonyeza kurudisha. Mwili ule mweusi ukapanda, ukatoboa maji, ukatulia juu ukimetameta, na wanawake wakapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga kelele, nilisahau kwamba nina umri.

"Mwalimu, geuka!" nikaita. "Iko juu! Geuka uone!"

"Sijamaliza," akasema, kidole juu. "Hatua ya pili."

Sikubonyeza kitu. Naapa sikubonyeza. Nyambizi ilitoa mapovu upande mmoja, ikalala kidogo, ikashuka tena, safari hii mkia mbele. Nilibonyeza kurudisha, nikabonyeza tena, nikabonyeza mpaka kucha ikauma. Watu walinyamaza wote kwa pamoja, na ukimya huo ndio uliomgeuza. Alipotazama, palikuwa na mapovu machache tu, nayo yakaisha.

Wavuvi wawili walipiga mbizi. Walirudi wakihema, wakasema pale hakuna chini. Mmoja akasema kwa sauti, watu wasikie, "Sumarini imeenda Kongo, haina hata pasipoti," na watu wakacheka, hata mimi nilicheka, maana ilichekesha. Mwalimu alisimama ukingoni na koti lake mpaka viatu vikalowa. Mke wake alikuja akamshika mkono. Hakumwambia habari za mpira.

Baada ya hapo hakuonekana kibandani. Nilisikia anazunguka mjini akiwauliza waliokuwepo. Dereva mmoja alimwambia nyambizi ilizunguka mara kadhaa kabla ya kuzama. Mwuza ndagala akaapa kwamba ilitoa moshi. Mtu wa tatu, ambaye hakuwepo kabisa, ndiye aliyempa maelezo marefu kuliko wote, yenye sentensi kamili, na safari hii Mwalimu alimwacha katikati ya maelezo akaenda zake.

Juzi alikuja. Asubuhi, jua halijawa kali. Hakuvuta suruali magotini. Alikaa, na kwa muda aliangalia chaja zilizoning'inia.

"Amahoro, Mwalimu."

"Amahoro." Akakohoa. "Wewe ndiye uliyeshika rimoti."

"Ni mimi."

"Ilizama yote? Isije ikawa ilibaki hata mgongo."

"Yote, Mwalimu. Tuliiona chini ya maji."

"Na ikarudi."

"Ikarudi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na nilikuwa nimeyaweka tayari tangu siku ile ufukweni: habari za pete, habari za uzi, habari za kuligeuzia ziwa mgongo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, makali kweli. Nikamtazama usoni na nikaona ameshayasema yote mwenyewe, tena vibaya kuliko ningeweza mimi.

"Mimi sikuona," akasema. "Niambie. Anza mwanzo, usiruke kitu."

Nikaweka simu ya mteja chini. Nikaanza na pua ilivyoinama. Akafumba macho. Nilipofika pale maji yalipopanda mgongoni, mwanamume mmoja alisogea kibandani akagonga ubao, akauliza kama kuna chaja ya mdomo mdogo. Mwalimu hakufumbua macho. Aliinua kiganja chake kumzuia.

"Subiri kidogo, ndugu," akasema. "Huyu anafundisha."